Fremu Uliyoibandika Stika

Raya,

Salamu nilikutolea leo asubuhi pale ngazini, ukanipita kama unavyoupita mlango wa duka lililofungwa. Kwa hiyo hapa sikuandikii nyengine. Leo ni siku ya tisa hujaniamkia. Marahaba zangu ninazo zote, na sizigawi kwa mtu asiyezitaka.

Alasiri ishaswaliwa. Wewe umetoka kwenda kuagana na wenzako, mume wangu yuko karakanani kwake Mlandege, na mimi nimekaa dirishani na daftari lako la Kidato cha Nne, lile uliloandika kurasa sita ukalichoka. Kesho baada ya alfajiri unasema utaipanda baskeli yako kutoka hapa Kiponda mpaka Kendwa, mzigo mgongoni, ukaanze kazi ya kuwatembeza wageni wa hoteli vijijini. Sitakuandikia ule nini, ulale saa ngapi, ufue kwa sabuni gani. Una miaka ishirini na moja na hayo huyataki kutoka kwangu, na mimi kwa hasira nilizonazo sina hamu ya kuyatoa. Nakuandikia jambo moja. Usiipande baskeli hiyo. Fremu yake imepasuka, aliyeipasua namjua, na si yule unayemtukana.

Najua ukifika hapa utasema, anaanza kumtetea fundi wake. Naam, namtetea. Nimeolewa na Makame siku ya kumi na sita leo, na kila nikisikia hatua zake kwenye ngazi naweka chini chochote nilichoshika. Ananiletea kikuba kutoka Darajani kila jioni, anakitia mfuko mmoja na spana, kikifika kina asumini na rehani na mafuta ya cheni, na mimi nakivaa hivyo hivyo mpaka kinyauke. Sijapata kuletewa kikuba. Babako aliniletea mambo mengi, hilo hakuliwaza. Basi usinitake nione haya. Haya zenyewe nitakuonesha hapa chini ziko wapi, na hazipo pale ulipozitafuta wewe.

Siku nilipokupa habari kwamba nimeposwa, unakumbuka ulivyosema?

"Mama, una miaka arubaini na nne. Unaolewa na mzee wa grisi."

"Ana arubaini na saba," nikakwambia. "Na grisi inatoka kwa sabuni ya unga."

"Na harufu je?"

"Harufu naipenda."

Ukacheka, lakini si kicheko cha kumfurahia mtu. Na niliposema nitakaa fungate yangu siku zote saba, ndani, kama watu, ukaniambia mbele ya shangazi yako, "Fungate ya nini, na wewe bi harusi wa mtumba?" Shangazi yako akajifanya anatafuta kiatu. Fungate yangu ya kwanza ilikuwa siku mbili, ya tatu babako alirudi kazini na mimi nikarudi jikoni, kwa hiyo hii ya pili niliitaka yote. Ukahamia kwa shangazi yako wiki ile, ukaiacha baskeli yako ukumbini chini ya ngazi. Na hapo ndipo lilipotokea jambo. Lakini sitakwambia jambo kabla sijakwambia lilikotoka, maana ukilisikia peke yake utaliona la kipuuzi.

Unalijua kovu la kidevuni mwangu. Nilikwambia nilianguka ngazini. Uongo. Nilianguka kwenye baskeli, Mwanakwerekwe, mbele ya soko, mchana, watu wakitazama.

Ile baskeli yangu ya fedha unaikumbuka, ya alumini, niliyonunua hoteli moja ilipouza baskeli zake kuukuu za kukodisha. Niliipenda kwa sababu nilikuwa naipandisha ngazini kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nimeshika kapu. Nilidhani wepesi ndio uzuri wote wa baskeli. Kuipanda, hata hivyo, ilikuwa adhabu. Kila jiwe lilipanda kwa bomba la kiti likanifika kwenye meno. Nikifika kazini, pale kiwanda cha ushonaji, mikono ilikuwa inatetemeka hata tundu la sindano silipati. Siku moja nikaona mstari mwembamba kama unywele chini ya kiti, pale mabomba yanapokutana. Nikampelekea mchomeleaji mmoja wa kando ya njia, wa mageti na madirisha. Akaniambia, "Kitu kidogo hicho, mama." Akachomelea, akapaka rangi, nikafurahi. Haikumaliza mwezi. Pale Mwanakwerekwe kiti kiliondoka na mimi, baskeli ikaenda peke yake.

Vipande viwili hivyo ndivyo nilivyompelekea Makame. Sikumjua. Niliambiwa tu yuko fundi wa Tumbatu kule Mlandege, mikono mizuri, maneno machache. Kidevu kimefungwa bendeji, nikamtupia vipande mezani.

"Nichomelee."

Akavigeuza. "Alumini siichomelei, bibi."

"Mwenzako kaichomelea."

"Ndo maana una bendeji."

Nilikasirika mpaka nikataka kuondoka. Lakini akaanza kunieleza, na hakuwa akinieleza kama mwanamke asiyejua kitu. Alinieleza kama mtu aliyevunjikiwa na kitu na ana haki ya kujua. Akasema chuma kikichoka hukwambia. Hupinda, hulia, rangi yake hukunjamana, nawe hupata wakati wa kushuka. Alumini huchoka kimyakimya. Kila mtikisiko unaingia ndani na hautoki, na ufa ukishaanza hauna kurudi. Kuichomelea kunataka gesi yake na mkono wake, na hata ukiyapata yote mawili, pale pembeni mwa mshono inabaki laini kuliko ilivyokuwa mpaka irudishwe kwenye tanuri ikapikwe kwa kipimo, na tanuri hilo yeye hana. "Ntakudanganya leo, utafurahi," akasema. "Wiki ijayo utanletea meno."

"Sasa nifanye nini?"

"Iuze kwa kilo."

"Na nyumbani narudi na nini?"

Akanitazama kidogo, akatoa baskeli yake mwenyewe, ile nyeusi ya chuma. "Chukua hii. Mie ntatembea."

Raya, alitembea nyuma yangu kutoka Mlandege mpaka hapa Kiponda, hatua ishirini nyuma, ili asitokee mtu akasema tuko pamoja. Mimi mbele, mtalaka mwenye bendeji, juu ya baskeli ya mwanamme. Na ilikuwa nzito kama kusukuma mlango, lakini juu ya mawe yale yale iliteleza. Chuma kile chembamba kilikuwa kinaachia kidogo, kinarudi, kinaachia, kinarudi. Nilipofika nilikuwa sijaumwa na mkono. Nilimwambia hivyo mlangoni. Akasema chuma kinasaidia, ila nisikipe sifa zote, raha ya baskeli nusu yake iko kwenye tairi na upepo uliomo, na ile yangu ya alumini walikuwa wameijaza upepo kama mpira wa kuchezea. Mtu mwengine angechukua sifa zote. Hapo ndipo nilipompenda, ukitaka kujua, kwenye tairi.

Nilianza kuandika hapa kwamba mume naye ni kama fremu, nikafuta. Upuuzi. Mume ni mume na baskeli ni baskeli. Wala usidhani namfananisha babako na kaboni, hiyo iliyotengenezewa baskeli yako. Babako alikuwa mume asiyenifaa na mimi nilikuwa mke asiyemfaa, na hilo halina bomba wala mshono.

Baskeli aliyokuletea kutoka Kiwengwa, ile aliyoachiwa na mgeni wa hoteli, ilikuwa nzuri kuliko baskeli yoyote niliyopata kuiona. Hilo nakubali. Uliiinua kwa vidole viwili ukanichekea kwa furaha, na ilikuwa mara ya mwisho unanichekea hivyo. Hujui kwamba Makame, siku alipokuja kunitembelea na shangazi yako yupo, aliiona pale ukumbini, akaenda kwanza kuosha mikono. Ndipo akaigusa. Akaniambia kaboni ni nyuzi, nyembamba kuliko nywele zangu, zimelazwa tabaka juu ya tabaka na kugandishwa kwa gundi. Kwa uzito wake, hakuna chuma kinachoifikia. Na mtikisiko inaumeza, unapita juu ya mawe kama umekaa kwenye godoro. Lakini nguvu yake iko upande ule tu zilikolazwa nyuzi. Ukiibana, ukiigonga ubavuni, ukiikalia pasipo kiti, huko haikuandaliwa. "Na haipindi," akasema. "Chuma kina njia ya kati. Hii ipo, au haipo."

Sasa jambo lenyewe.

Siku ya nne ya fungate niliamka kabla ya adhana. Niliona furaha nyingi mno kwa chumba kile. Tangu siku ile ya Mlandege alikuwa hajanipakia kwenye baskeli hata mara moja, kwa sababu hatukuwa halali, na sasa tulikuwa halali na tumefungiwa. Uliwahi kuwaona wale mabibi harusi wa zamani kwenye picha za shangazi yako, wamekaa upande juu ya bomba la baskeli, mume nyuma, buibui linapepea? Nilikuwa naitaka picha hiyo tangu nina umri wako.

"Tutoke," nikamwambia tulipomaliza kuswali.

"Utoke wapi, mke wangu, na fungate haijesha?"

"Mpaka Funguni tu. Watu hawajatoka."

"Kwa nini?"

"Hujanipakia hata siku moja."

"Baskeli yangu iko karakana."

"Na ile ya chini?"

Akanitazama kama nimemwambia aezue paa. "Ile haipakii. Ile ya mtu mmoja, na huyo mmoja akae kwenye kiti. Lile bomba la juu jembamba kama ganda la yai."

"Unaniambia mimi mzito."

"Nakwambia weye mke wangu, na ile baskeli ya mtoto."

Nikamwambia neno ambalo sitaliandika hapa. Akaenda kutafuta kofia yake.

Kosa ni langu kuanzia hapo mpaka mwisho, nataka uelewe. Yeye alikataa mara tatu, mimi nikamshinda, na mwanamme wa siku nne za ndoa hana ubavu wa kukataa mara ya nne. Nikavaa buibui na nikabu ili hata mtu akituona asinijue. Nikakaa upande, miguu pamoja, mkono mmoja kwenye usukani na kichwa changu chini ya kidevu chake. Tukapita uchochoroni, tukatokea Malindi, na baskeli yako, Raya, ilikuwa laini namna ambayo sijui hata nikueleze vipi. Haikutoa sauti. Nilikuwa nacheka ndani ya nikabu kama mwendawazimu. Nina uzito wa kilo sabini na nane. Huo nao hukuwahi kuujua.

Pale Malindi kuna mfuniko wa mtaro umeinuka kidogo kuliko njia. Tuliupanda, tukashuka, na chini yangu nikasikia tk, kama kashata inapovunjwa.

Akashika breki. "Umesikia?"

"Sikusikia kitu," nikasema. Na nilisikia.

Tulirudi kwa miguu. Akaiweka pale pale ulipoiacha, akatoa sarafu ya mia mbili mfukoni akawa anaipigapiga bombani, sikio karibu. Mahali pazima palitoa sauti kali, nyembamba. Karibu na kiti, upande wa chini ambapo jicho halifiki, sauti ikafa, ikawa kama kugonga boksi. Akachuchumaa, akanionesha. Ufa ulikuwa mfupi kama ukucha, kwa nje. Akasema kwa kaboni cha nje si kitu, tabaka za ndani ndizo zinazoachana, na ukiendelea kuipanda zitaendelea kuachana bila kukwambia, mpaka siku moja bomba liachie kwa pamoja nawe uko kwenye mwendo. Wapo ng'ambo wanaojua kuifunga nyuzi upya. Hapa Unguja yeye hamjui hata mmoja.

"Nitamwambia mwenyewe," nikasema.

"Utamwambiaje?"

Nikafikiri nitakavyosema. Kwamba mamako, bi harusi wa mtumba, siku ya nne ya fungate aliyoipigania, alikuwa barabarani juu ya bomba la baskeli ya mwanawe. Nikakuona utakavyonitazama. Nikawaona wenzako. Nikalia, naye hakustahimili, akasema, "Basi ntasema mie." Nikamwacha aseme.

Uliporudi siku ya nane uliiinua kwa vidole viwili, ukauona ufa kabla hujavua viatu. Hayo yaliyofuata unayajua, lakini nataka uyasome yalivyokuwa, kwa mkono wangu.

"Nani kaipanda baskeli yangu?"

Nilikuwa na birika la chai mkononi. Makame akasema, "Mie, binti yangu. Niliipanda, ikagonga. Nisamehe. Usiipande tena, si salama."

"Mie si binti yako."

"Kweli. Nisamehe, Raya."

"Uliipanda kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba."

"Babangu kanipa kitu kizuri, nawe uje na mikono yako ya Tumbatu uniharibie. Husuda tu. Unataka niache kazi, au nipande machuma yako nikubusu mkono."

Ukanigeukia mimi. "Na wewe bi harusi, huna la kusema?"

Nikasema, "Chai inapoa."

Hizo ndizo haya zenyewe, Raya. Nimetalikiwa, nimelea mtoto peke yangu, nimeshona sare za shule mpaka macho yakaingia ukungu, na katika yote hayo sijapata kusema maneno mawili mabaya kama hayo. Mwanamme wa watu amesimama anatukanwa kwa kosa langu, na mimi nawakumbusha chai.

Na wewe ukaendelea. Hiyo ndiyo hasira yangu, na siitoi hata nikikiri. Alipokuja na sarafu kukuonesha, akasema, "Sikiliza hapa, sasa sikiliza hapa," ukamwambia, "Umegeuka mpiga tari?" Ukampigia simu babako, ukamwonesha ufa kwa kamera, naye kutoka Kiwengwa akasema ni rangi tu imekwaruka. Kwa simu, Raya. Makame ameweka sikio lake pale. Babako ameweka kidole kwenye kioo. Halafu ukanunua stika ya kasa ukaibandika juu ya ufa, ukasema, "Sasa hauonekani, mmefurahi?" Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilitamani nikushike masikio kama una miaka sita.

Siku tisa unaingia nyumba hii hutoi salamu. Unampita yeye mlangoni anapokufungulia. Juzi alipika pweza kwa ajili yako, yeye mwenyewe, kwa sababu nilimwambia unampenda pweza. Ulisema umeshiba. Akaketi akala peke yake, akaniambia, "Ana haki. Kitu chake kimevunjika." Nilitoka nikaenda msalani nikakaa huko mpaka nikatulia. Sijui kama nilikuwa nakulilia wewe, au yeye, au mimi. Nadhani nilikuwa nataka kukupiga.

Jana nikamuuliza, kama mteja anavyouliza. Mtu wa kilo hamsini na mbili, kutwa juu ya baskeli, njia za mchanga na mawe ya Kaskazini, apande fremu gani? Nilijua atasema chuma. Hakusema hivyo. Alisema, "Inategemea analala wapi. Kama anapanda nayo ghorofani kila siku, alumini, lakini mpya, na tairi pana, na aikague kila wiki kwenye maungio. Kama kutwa yuko kwenye mawe na fundi wake wa karibu yuko Mkokotoni anachomelea majembe, chuma. Yule ataweza kukirudisha. Chumvi itakitafuna, lazima atie mafuta ndani ya mabomba." Akafuta mikono kwa tambara. "Kaboni nzima ndo tamu kuliko zote. Ningekuwa nayo ningeipanda mwenyewe. Lakini nzima."

Karakanani ziko baskeli mbili, moja ya chuma, moja ya alumini ambayo haijatembea sana. Hazina jina lako wala sikuombi uzichukue. Ukitaka panda gari mpaka Kendwa ukatafute nyengine huko. Ukitaka nenda kwa miguu. Mwajiri wako akikuuliza baskeli iko wapi, mwambie mamako kaivunja. Lakini ukiipanda hiyo kesho na lile begi mgongoni, kila mfuniko na kila shimo kati ya hapa na Mahonda litakuwa linamaliza kazi niliyoianza mimi. Nimejaribu kufikiri nitakavyoishi baada ya hapo, na jambo la kwanza lililonijia ni kwamba Makame angebeba hilo pia. Watu wangesema ni yule fundi. Na wewe usingekuwepo wa kuambiwa ukweli.

Sasa liko tatizo, na nimelifikiri tangu nianze kuandika. Hutaiamini barua hii. Utasema tumekaa tukaitunga, yeye ananiambia na mimi naandika, ili usiende Kendwa. Ndivyo ningesema na mimi, nikiwa na miaka ishirini na moja na hasira zako, ambazo umezirithi kwangu zote. Na karatasi inachanika.

Kwa hiyo sitaiachia karatasi. Chini hapa barazani Bi Tatu anauza mkate wa ufuta, na habari ikitoka kwake inafika Darajani kabla mkate haujapoa. Nitamwambia yeye. Nitamwambia yote, na nikabu, na kilo sabini na nane, na mfuniko wa Malindi. Mwanamke wa mji huu anaweza kusingizia mengi, lakini hayupo wa umri wangu atakayejisingizia hilo. Magharibi itakapoadhiniwa wenzako watakuwa wanalo, na utalisikia kwa midomo yao, wakicheka, kabla hujaifungua barua hii. Watakucheka na wewe. Sikuombi radhi kwa hilo. Mtu ametukanwa siku tisa badala yangu, leo nitukanwe mwenyewe, na wewe uliyemtukana upate sehemu yako.

Makame hajui. Angejua angekuja mbio kutoka Mlandege kunizuia. Atakasirika, atakaa kimya mpaka isha, halafu nitajua la kumwambia.

Baskeli iko ukumbini. Sijaigusa wala sijaificha, maana nikiificha utasema umeonewa. Ni yako, na miguu ni yako. Nimekupa kitu cha kuamini, na kimenigharimu heshima yangu, ile ambayo niliona bora Makame atukanwe kuliko mimi kuipoteza.

Nakupenda, na hasira haijesha, na sijui ipi itaisha kwanza. Naona ni hasira, lakini si leo.

Bi Tatu kashaanza kupanga mikate yake, naisikia sinia. Nateremka. Nitaanza na neno fungate, ili asinikatize.

Mamako